Ukingo Mweusi wa Kinyago Cheupe

Mwulize mwanafunzi yeyote wa fasihi rangi nyeupe inaashiria nini. Atakujibu pale pale: usafi, amani. Nyeusi je? Ubaya, msiba. Tumeyakariri haya tangu sekondari na tunayabeba hadi kwenye mtihani wa uhakiki. Hoja yangu ni kwamba kwenye kinyago cha jukwaani jibu la namna hii halitoshi, na historia ya Les Nègres (yaani Weusi), tamthilia ya Mfaransa Jean Genet, inaonyesha kwa nini.

Tamthilia hiyo ilichapishwa 1958, ikachezwa kwa mara ya kwanza Paris tarehe 28 Oktoba 1959 katika Théâtre de Lutèce, mwongozaji akiwa Roger Blin. Wachezaji wote walikuwa weusi, wa kikundi cha Les Griots kilichoundwa huko huko Paris mwaka 1956. Tuukumbuke wakati wenyewe: Guinea ilikuwa imejitawala mwaka mmoja tu kabla, Algeria vita vilikuwa vimepamba moto, na nchi 17 za Afrika zingepata uhuru mwaka 1960. Katika hali hiyo Genet anapandisha jukwaani weusi wanaoigiza mauaji ya mwanamke mweupe mbele ya baraza lenye Malkia, mtumishi wake, Gavana, Jaji na Mmisionari. Wakoloni kamili hao! Ila nao wanachezwa na weusi, wamevaa vinyago vyeupe.

Sasa tazama maelekezo ya jukwaa. Genet hakutaka kinyago kifunike uso mzima. Alitaka ukingo mweusi uonekane kukizunguka, hata na nywele za mchezaji. Kwangu mimi utamu wote uko hapo. Kinyago kikifunika kila kitu, hadhira itamwona Jaji wa kizungu, basi. Ukingo ukionekana, inamwona Jaji na papo hapo inamwona mtu mweusi aliyeuvaa ujaji kama koti. Nyeupe hapo si usafi wala si uovu, ni cheo. Na cheo huvuliwa. Inapoletwa habari kwamba nje ya jukwaa weusi wamemhukumu na kumuua msaliti wao, baraza linavua vinyago na nyuso zao halisi zinaonekana. Kisha wanavirudisha ili mchezo uishe.

Genet hakuishia kwa wachezaji. Aliandika kwamba mchezo umekusudiwa hadhira ya wazungu, na ukichezwa mbele ya weusi watupu basi aalikwe walau mzungu mmoja. Asipopatikana, watazamaji wagawiwe vinyago vyeupe mlangoni. Wakivikataa, litumike sanamu. Yaani nyeupe ni lazima iwepo, hata kama ni ya karatasi! New York, kuanzia 1961, mchezo huu ulioneshwa mara 1,408 katika St. Mark's Playhouse, na Malkia mweupe wa mwanzo alikuwa Maya Angelou.

Haya, na sisi je? Tulipotengeneza vinyago vya mazoezi tulipaka nyeupe hadi masikioni, tukajiona mafundi. Mwenzetu aliyekaa nyuma akauliza kama huyo ni Gavana au ni mzuka. Tulicheka, lakini swali lilikuwa la maana. Kwa mtu wa pwani nyeupe ni kanzu ya Ijumaa na pia ni sanda. Kwa Wapunu wa Gabon, kinyago kilichopakwa udongo mweupe ni uso wa roho wa wafu. Hadhira yetu ingeweza kuliona baraza la Genet kama kikao cha maiti, maana ambayo haimo katika maelekezo yake, ingawa simlaumu atakayeiona.

Wapo waliopendekeza tupake rangi ya waridi, kwa kuwa ndiyo ngozi ya mzungu hasa. Nilikataa. Rangi ya waridi ingemfanya Gavana awe mtu fulani, wakati chokaa haifanani na ngozi ya mtu yeyote. Tulichobadilisha ni upana: tulivikata vinyago upya, vidole viwili ndani kila upande, mashavu yakaonekana.