Ukingo wa Bogoro: waliosimama juu ya Ziwa Albert

Ukiwa katikati ya Bunia, huwezi kudhani kwamba kuna ziwa karibu. Mji umekaa juu ya uwanda, kiasi cha mita 1,275 juu ya usawa wa bahari, na mto Shari unaoupitia unakwenda zake magharibi, unaingia mto Ituri, na maji hayo yanapita msitu mzima mpaka mto Kongo na Bahari ya Atlantiki. Shika barabara ya Kasenyi uelekee mashariki. Ukifika Bogoro, kilomita kama 25 tu, nchi inaanza kukatika. Ziwa Albert liko chini huko, mita mia sita na ushei chini ya usawa wa Bunia, na mvua inayonyesha upande huo wa mgongo inafuata Nile hadi Mediterania. Mawingu ni mamoja, ila tone moja huishia bahari hii na jirani yake ile.

Ukingo huu ni ukuta wa Bonde la Ufa, mkono wake wa magharibi. Unaambaa na ziwa kwenda kaskazini, ukizidi kuinuka, hadi nyanda za baridi za Djugu na Mahagi, ambako Mlima Aboro unapita mita 2,400. Ramani zinaiita safu hiyo Milima ya Buluu. Wahema wamechunga ng'ombe juu yake, Walendu, Wangiti na Waalur wamelima kwenye miteremko yake, na wavuvi wa chini wamepandisha samaki kwa njia za miguu tangu zamani. Ng'ambo ya maji, huko Kibiro, wanawake wa Bunyoro walikuwa wakichemsha chumvi iliyouzwa mbali, na bado wanachemsha. Kwa watu hao kutazama kutoka juu kulikuwa sehemu ya kazi. Ndivyo walivyojua kama ziwa limetulia, kama mitumbwi inakuja, na anayepanda ni mgeni wa namna gani.

Mzungu wa kwanza kuiandika milima hii hakuwahi kuikanyaga. Tarehe 14 Machi 1864 Samuel Baker, akiwa na mkewe Florence, alifika kwenye majabali ya upande wa Bunyoro, akaliona ziwa, akalibandika jina la Albert, mume wa malkia wake aliyekuwa amefariki. Magharibi, mbali kabisa, aliona milima ya rangi ya buluu ikiinuka kama inayotoka majini. Rangi hiyo ni ya umbali. Ukiwa juu ya milima yenyewe utaona majani, mawe, ng'ombe na mashamba ya viazi.

Siku ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote katika historia ya ukingo huu ni 13 Desemba 1887, na wenye siku hiyo, kwa maoni yangu, ni watu wa Unguja na Mrima. Henry Morton Stanley alikuwa anamtafuta Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta (Equatoria) aliyekatiwa njia na vita vya Mahdi. Msafara uliondoka Unguja Februari mwaka huo, ukazunguka kwa meli kusini mwa Afrika, ukaupanda mto Kongo. Tarehe 28 Juni karibu watu 390, wengi wao wapagazi wa Kiswahili, waliingia msituni kutoka Yambuya. Njaa, vidonda, mishale na maradhi viliwamaliza. Wagonjwa waliachwa kwenye kambi za wafanyabiashara wa pembe, Ugarrowwa na Kilonga-Longa, nao pia watu waliozungumza Kiswahili, ambao bunduki zao zilikuwa zimekwisha kuvihamisha vijiji vya kando ya mto. Waliotoka kwenye mwanga wa nyasi mwanzoni mwa Desemba hawakufika nusu ya walioingia.

Hawakupokewa kwa amani, na haikuwa ajabu. Watu wa Mazamboni, mtemi wa Undussuma, waliwadhania kuwa Warasura, askari wavamizi wa Kabarega wa Bunyoro. Palipiganwa siku kadhaa, na watu wa msafara wakachoma vijiji. Vitabu vingi hupita hapo haraka ili vifike ziwani. Mimi naona moshi ule ni sehemu ya mandhari aliyoyaona Stanley, na mwenye kusimulia mandhari hana ruhusa ya kuuondoa.

Kisha ikaja adhuhuri ya tarehe 13. Stanley aliwaambia watu wake wajiandae kuliona Nyanza, nao wakanung'unika: mbele yao walikuwa wanaona uwanda wa majani, na baada ya uwanda, milima mingine mbali. Ziwa litoke wapi? Ile milima ilikuwa ya Bunyoro, ng'ambo. Ziwa lilikuwa katikati, limejificha chini ya ukingo, na anayetembea juu ya uwanda haoni hata mstari wa maji mpaka afike pale pale ardhi inapoishia. Mchana wakafika. Nchi ikafunguka chini ya miguu yao, maji yakaonekana yote kwa mara moja, na watu waliokuwa mifupa na ngozi wakapiga kelele za furaha na kucheza. Chini ufukweni hawakumkuta Emin, wala mtumbwi wa kuwatosha, wala mti wa kuchongea mtumbwi. Walirudi juu, wakaingia tena msituni kujenga Fort Bodo.

Waliporudi Aprili 1888, Mazamboni alifanya urafiki nao, na Jephson, msaidizi wa Stanley, akachanjiana naye damu. Mwishoni mwa mwezi huo Emin alikuja kwa meli yake. Tarehe 24 Mei, wakiwa uwandani karibu na ziwa, kijana mmoja alimwonyesha Stanley upande wa kusini mlima uliosemwa kuwa umefunikwa na chumvi. Stanley alidhani ni wingu la fedha, mpaka alipotambua kuwa ni theluji ya Ruwenzori, ambayo Baker na wengine waliolizuru ziwa hawakuiona kwa sababu ya ukungu. Jina la kijana halikuandikwa. Huenda kwake lilikuwa jambo la kawaida, na neno chumvi lilitoka katika nchi ambayo chumvi ilikuwa mali.

Baada ya hapo ukingo uliangaliwa kwa vipimo. Wakoloni walipogawana nchi waliutumia mgongo wa maji kati ya Nile na Kongo kuwa mstari, na kaskazini mwa Mahagi mpaka na Uganda unaufuata hadi leo. Mkataba wa 1910 uliwapa Wabelgiji ufuko wa magharibi wa ziwa. Dhahabu ilikuwa imekwisha kuonekana Kilo mwaka 1903, Kasenyi na Mahagi zikawa bandari, na meli za Butiaba zikaleta abiria waliopandishwa milimani kwa gari. Wasafiri wa enzi hiyo walipelekwa pia Mlima Hoyo, kusini-magharibi mwa Bunia, kutazama maporomoko na mapango. Katika pango la Matupi, wachimbuzi wa miaka ya 1970 walikuta zana ndogo za mawe zenye umri wa makumi ya maelfu ya miaka. Watu wameishi kwenye miinuko hii muda mrefu kuliko jina lolote lililomo kwenye ramani.

Mwenye kuushika ukingo anaishika barabara ya ziwani. Kwa sababu hiyo Bogoro iligombewa katika vita vya Ituri, na tarehe 24 Februari 2003 kijiji kilishambuliwa alfajiri. Raia wengi waliuawa, wakiwamo watoto. Kamanda wa wanamgambo, Germain Katanga, alihukumiwa kwa shambulio hilo na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2014, kifungo cha miaka 12, na mwaka 2017 majaji waliamuru fidia kwa waathirika 297. Kabla ya hukumu, Januari 2012, majaji walitoka The Hague wakaja Bogoro wenyewe, wakapanda pia mlima hadi Zumbe. Walitaka kujua kwa macho yao mlima uko umbali gani na kijiji, na njia inapita wapi.

Mei 2021 Ituri iliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa dharura wa kijeshi, na matembezi ya kutazama mandhari si jambo la kumshauri mtu bila kuuliza hali ya barabara siku hiyohiyo. Lakini siku wageni watakaporudi, na nina hakika watarudi, wanaopanga utalii wa mkoa wasiwaanzishie safari kwa Stanley. Waanze na mwenyeji wa Bogoro, alipwe kwa kazi ya kuongoza, aonyeshe njia ya wavuvi na malisho ya zamani, apite penye kaburi la watu wake kama mwenyewe ataridhia, ndipo afike kwenye ukingo. Na kama patawekwa kibao pale juu, kiandikwe Kiswahili kwanza, chenye tarehe zote mbili: 13 Desemba 1887 na 24 Februari 2003.