Nabuyole: Maporomoko ya Nzoia yaliyobeba historia ya Wabukusu

Mkazi wa Tongaren anayetaka kuona jinsi Mto Nzoia unavyobadilika hana haja ya kufunga safari ndefu. Mto huu, unaopita polepole kando ya mashamba ya mahindi ya Tongaren na Lugari, hugeuka ghafla karibu na mji wa Webuye, Kaunti ya Bungoma. Hapo maji hujirusha juu ya majabali na kufanya maporomoko ya Nabuyole, ambayo wengi huyaita maporomoko ya Webuye.

Wakati wa ukoloni, maporomoko haya yalipewa jina la Broderick Falls, nao mji na stesheni ya reli vikaitwa vivyo hivyo. Baada ya uhuru mji ulirejea jina la Webuye.

Chimbuko la mto

Maji ya Nzoia hutoka katika milima ya Cherangani na miteremko ya Mlima Elgon. Hukusanyika katika nyanda za Trans Nzoia, hupita Webuye na Mumias, kisha humwagika katika Ziwa Victoria baada ya kuvuka Budalang'i, eneo linalojulikana kwa mafuriko. Kwa hivyo anayesimama Nabuyole huona mvua iliyonyesha Kitale. Maji yakiwa mekundu, hiyo ni ishara kwamba udongo wa mashamba ya juu unasombwa.

Kufika

Anayetoka Kitale hufuata barabara ya Kitale–Webuye inayopitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu. Mkazi wa Tongaren huiunga barabara hiyo njiani, naye msafiri wa Eldoret au Malaba hutumia barabara kuu ya kwenda Uganda. Kutoka mjini Webuye, bodaboda humfikisha mgeni karibu na mto, na sehemu ya mwisho huenda kwa miguu kupitia vijia vinavyotumiwa na wenyeji.

Miezi ya Desemba hadi Februari ndiyo mikavu, na ndiyo bora kwa matembezi. Kuanzia Aprili mto hufurika. Maporomoko huvutia zaidi wakati huo, lakini hatari nayo huongezeka: mawe huteleza, na mvua iliyonyesha mbali milimani inaweza kuinua maji huku jua likiwaka Webuye. Ni busara kuandamana na mwenyeji, kutokaribia ukingo na kutowaacha watoto peke yao. Ni uungwana pia kuomba ruhusa kabla ya kukatiza shamba la mtu.

Kilima cha Chetambe

Matembezi hayakamiliki bila kupanda vilima vya Chetambe, vilivyo karibu na mji huo. Hapa ndipo Wabukusu walipojihami ndani ya ngome mwaka wa 1895, walipokabiliana na kikosi cha Waingereza kilichoongozwa na Charles Hobley. Walikuwa wameshindwa kwanza katika ngome ya Lumboka, na bunduki ziliwashinda tena Chetambe, wengi waliuawa. Mwaka wa 1947, Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwakusanya wafuasi wake Chetambe kuwakumbuka waliokufa. Kwa sababu hiyo, mgeni apitaye hapo ajue kwamba anakanyaga makaburi ya watu.

Kiwanda na mto

Nguvu ya Nzoia ndiyo iliyovuta kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills, kilichoanza uzalishaji katika miaka ya sabini. Kwa miongo kadhaa kiliwapa maelfu ya watu riziki, lakini pia kilirudisha majitaka mtoni, na kilio cha wakazi wa chini ya mto hakikukoma. Kilisimamisha kazi mwaka wa 2009, mji ukadorora, kabla ya kuuzwa kwa kampuni ya Rai mwaka wa 2016.

Funzo la Webuye ni kwamba mji unaotegemea mwajiri mmoja huanguka pamoja naye. Utalii hauwezi kuziba pengo la kiwanda, ila unaweza kuwapa vijana kazi ya kuwaongoza wageni, na akina mama soko la chakula. Chini ya Katiba ya 2010, utalii wa mashinani ni jukumu la serikali za kaunti. Vijia salama, vyoo, vizuizi kwenye ukingo na bango linaloeleza historia ya Chetambe si mambo ya gharama kubwa.

Hata hivyo, hayo yote hayatakuwa na maana mto ukikauka au kuchafuka. Kanuni za ubora wa maji za mwaka wa 2006 zilikataza kulima au kujenga kati ya mita 6 na 30 kutoka ukingo wa mto, kwa kutegemea kiwango cha juu zaidi cha mafuriko. Mkulima wa Tongaren au Kiminini anayeacha ukanda huo na kupanda miti ya kiasili analinda udongo wake mwenyewe. Vilevile analinda maporomoko ya Nabuyole, hata kama hajawahi kuyaona.