Kadari au Hiari? Kutoka Sham Hadi Soin

Mtoto akishikwa na homa usiku na kesho yake akazikwa, utasikia matangani, "Siku yake ilikuwa imefika." Neno hilo ni kweli, na kuamini kadari, kheri yake na shari yake, ni nguzo ya imani. Lakini kuna anayelisema mapema, mtoto angali anatetemeka kitandani, ati kama ni wa kupona atapona tu, dispensari ya nini? Huyo ndiye tunayetaka kuzungumza naye leo.

Hebu turudi nyuma kwanza, mwaka wa 18 Hijria hivi (639). Khalifa Umar bin Khattab (R.A.) alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh, alilakiwa na makamanda wake, akiwemo Abu Ubayda bin Jarrah (R.A.), wakamwambia kuwa tauni imeingia Sham. Umar hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina wa mwanzo, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, nao vile vile. Mwisho akawaita wazee wa Kikureshi waliohajiri wakati wa kufunguliwa Makka, na hao wakakubaliana wote kwamba arudi na watu. Akatangaza safari ya kurudi.

Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Muulizaji hakuwa mtu mdogo, ni mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo. Umar alitamani swali hilo lingetoka kwa mwingine. Akajibu kuwa naam, wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuelekea kadari ya Mwenyezi Mungu. Akampigia mfano wa mtu aliyeshuka na ngamia wake kwenye bonde lenye pande mbili, mmoja wa majani mabichi na mwingine mkavu. Akilisha huku ni kadari, akilisha kule ni kadari. Kisha akaja Abdulrahman bin Auf (R.A.), ambaye hakuwapo kwenye ushauri, akawasimulia aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.): nchi yenye tauni msiiingie, na ikiwakuta mlipo msitoke kwa kuikimbia.

Mfano wa bonde mtu wa huku kwetu anauelewa haraka. Kwa Kikalenjin, soin ni nchi ya chini yenye joto, na Soin yetu inateremka kuelekea nyanda za Kano. Juu yake ni Kericho ya majani chai, baridi na mvua. Kijidudu cha malaria hukua ndani ya mbu, na penye baridi, chini ya nyuzi 18 hivi, mbu mara nyingi hufa kabla hakijakomaa. Basi watu wa juu hawakuwa na mazoea na homa hii, na ilipowapandia iliwaangusha wakubwa kwa wadogo.

Iliwapandia baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, watu waliokwenda vitani waliporudi. Miaka ya 1920 makampuni makubwa ya chai yakaanza, vibarua wakajaa, na kufikia miaka ya 1940 malaria ilikuwa ikizuka kwa kishindo mashambani. Iliyoikomesha hasa ni dawa waliyopewa wafanyakazi kwa utaratibu, iitwayo proguanili. Miaka mingi ikapita, watu wakadhani imekwisha. Kumbe wapi! Miaka ya 1980 ikarudi, wakati ambapo klorokwini, dawa tuliyoitegemea wote, ilikuwa imeanza kushindwa. Wengine walitaja joto, wengine safari za watu, na wataalamu hawajamaliza kubishana. Mwaka 1998 Kenya iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza, na kuanzia 2006 zikaenea dawa za mchanganyiko zenye asili ya mmea wa pakanga wa China.

Anayedhani kila kitu ni juhudi ya mtu na aitazame klorokwini. Iliokoa maelfu kisha ikagoma. Na anayedhani juhudi haina maana aulize ni nani angebaki kuchuma chai miaka ile bila ya dawa. Kadari ilikuwa ndani ya ugonjwa na ilikuwa ndani ya kidonge pia, lakini kidonge hakikujimeza chenyewe.

Na wale wa Sham? Inasimuliwa kwamba Umar alimwandikia Abu Ubayda akimtaka aje Madina. Abu Ubayda akaelewa nia yake, akaomba udhuru, hakutaka kuwaacha askari wake. Akafa kwa tauni hiyo, na baada yake akafa Muadh bin Jabal (R.A.). Hatuwezi kusema walikosea, maana hadithi ile ile iliyomrudisha Umar ndiyo inayomwambia aliye ndani asikimbie. Uongozi ukamfikia Amr bin Al-As (R.A.). Yeye akawaambia watu wapande milimani wakatawanyike huko. Wapo waliompinga, lakini watu walipanda, na tauni ikaondoka. Habari ilipomfikia Umar, wanasema, hakuichukia.