Iko Kitu Chini: Desturi ya Kutafuta na Kungojea Kwetu

Wengine wameandika juu ya ndoa, ngoma na uvuvi. Sisi tumechagua desturi isiyo na sherehe, lakini toka Uvira, Makobola, Baraka mpaka Misisi kila mtu anaijua: kuamini kwamba chini iko kitu. Dhahabu milimani, mafuta ziwani.

Tuanze na ziwa. Mwaka 1983 na 1984 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walipita Tanganyika na chombo, wakituma mitetemo majini na kusikiliza namna inavyorudi. Walikuta udongo umelala tabaka juu ya tabaka, kilomita kadhaa kwenda chini. Udongo kama huo unaweza kubeba mafuta. Unaweza tu! Miaka michache baadaye kampuni ya Amoco ilitoboa visima viwili upande wa Burundi, katika bonde la Ruzizi, na haikupata mafuta ya kuuza. Kwetu sasa, pale Pemba na kwenye Cap Banza huko Ubwari, wanasayansi walikuta mwaka 1987 maji ya moto yanatoka chini ya ziwa, pamoja na gesi na madini ya salfa. Basi mvuvi anayeona mapovu na kusema "iko kitu" hasemi uongo. Ila kati ya kitu na mali kuna safari ndefu, na ni katika safari hiyo ndipo watu wanatajirika ama wanafilisika.

Julai 2022 Kinshasa iliweka mnadani vitalu 27 vya mafuta, 11 kati yao katika bonde la Tanganyika. Oktoba 2024 waziri wa hidrokaboni akaufuta mnada huo. Kwa zaidi ya miaka miwili vitalu vilikuwa mistari kwenye ramani, basi. Lakini mstari kwenye ramani nao una nguvu: mwenye shamba anaanza kujiuliza kama auze ama angoje.

Milimani hadithi ni ya zamani zaidi. Wabelgiji wa kampuni ya MGL walichimba dhahabu Kamituga kabla ya uhuru. Mwaka 1976 makampuni ya eneo yakaunganishwa kuwa SOMINKI. Mwaka 1982 Zaire ikaruhusu raia kuchimba na kuuza kwa mikono yao, na bei ya bati ilipoanguka mwaka 1985 kampuni ikadhoofika sana. Vijana wakaingia mashimoni. Huku Fizi, wafuasi wa Laurent-Désiré Kabila katika maki ya Hewa Bora walikuwa wakiishi na biashara ya dhahabu tangu miaka ya mwisho ya 1960.

Shimo lina utaratibu wake, na hapa tunaomba msomaji asiharakishe. Mwenye shimo anaitwa PDG, kama mkurugenzi wa kampuni kubwa kabisa. Anakopa chakula, miti ya kushikilia udongo, mafuta ya mashini ya kuvuta maji. Wachimbaji hawalipwi mshahara. Wanakula kwa deni, wakingoja jiwe lenye dhahabu. Linaweza kuja baada ya wiki, linaweza kuja baada ya miezi mingi. Lisipokuja, kila aliyekopesha amepoteza pamoja nao. Ndiyo maana dhahabu inasemwa kama kitu chenye roho: inahama, inajificha, inachukia ugomvi. Mgeni atacheka. Sisi hatuoni cha kuchekesha, kwa sababu maneno hayo yanawafanya watu wavumilie mwezi mwingine bila kupigana.

Na wenye digri wanafanya tofauti? Kampuni ya Banro ya Kanada ilichukua mali ya SOMINKI katika miaka ya 1990. Ilitoboa miamba, ikapima, ikauza hisa kwa watu wa mbali ambao hawajawahi kuona Twangiza wala Namoya. Nao walikula kwa matumaini. Dhahabu ya kwanza ya Twangiza ilitoka mwaka 2011; Desemba 2017 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama Kanada mbele ya wadai wake. Tofauti tunayoiona ni hii: mwenye hisa anapoteza pesa aliyoamua kuiweka, lakini mwanakijiji aliyehamishwa anapoteza shamba ambalo hakuliweka mchezoni.

Maana sheria haimwulizi sana. Tangu sheria ya Bakajika ya 1966, udongo na kilichomo ndani ni vya taifa; kanuni ya madini ya 2002 ikatoa kibali cha utafutaji peke yake, mbali na kibali cha kuchimba. Kwa hiyo kutafuta kwenyewe kukawa mali: kibali kinaweza kuuzwa kabla jiwe moja halijatoka.

Uvumi nao haukuanza na sisi. Kusini mwa Tanzania watu wamechimbua udongo wakitafuta mali ya Wajerumani. Kwetu wanasema Wabelgiji walifukia mashimo mazuri na kuondoka na ramani. Tunaelewa uvumi huo unatoka wapi. Ripoti za watafutaji hazikuandikwa kwa lugha yetu, na sampuli za mawe zilipakiwa sandukuni zikaenda. Mtu aliyeona jiwe la mlima wake linasafirishwa, na jibu halikurudi, atalitunga jibu mwenyewe. Pale Misisi wanalitunga kila jioni, huku akina mama wakitwanga mawe.