Karata, Kamari na Hisani katika Baraza za Kariakoo

Mcheza karata huchanga karata zake kabla ya kuzigawa, na jirani wa mfiwa huchanga fedha ya sanda kabla maiti hajatoka nyumbani. Kama hilo ni neno moja lenye maana mbili, au ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti, wataalamu wa lugha wataamua. Katika mtaa wa Kariakoo, mjini Dar es Salaam, vitendo hivyo viwili vimekaa pamoja barazani miaka mingi, wala watu wenye kujiheshimu hawakuvichanganya. Fedha ya msiba ilitolewa mkononi, mbele ya mashahidi. Karata zilichezwa kwa sifa tu. Waliocheza kwa fedha walikuwapo, kama walivyopo katika kila mji, lakini hao walijificha uani.

Katika Ulaya na Marekani imekuwa desturi kufanya mashindano ya poka ili kuchangia hospitali, shule au wagonjwa, na mashindano hayo yana kanuni na adabu zilizoandikwa. Mtu akiuliza kwa nini desturi hiyo haikuota mizizi katika baraza za Kariakoo, jibu la haraka ni kwamba dini imeikataza. Dini imo, na itaelezwa mahali pake. Walakini jibu la kwanza limo ndani ya karata zenyewe.

Dar es Salaam ni mji mchanga ukilinganishwa na Kilwa au Lamu, kwani ulianzishwa na Sayyid Majid wa Unguja katika miaka ya 1860. Na Kariakoo ni changa zaidi. Waingereza walipouteka mji mwezi wa Septemba 1916 waliweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na kutokana na maneno hayo ndipo lilipopatikana jina la mtaa. Makumi ya elfu ya wapagazi walikufa katika vita vile, wengi kwa maradhi kuliko kwa risasi, na wengi wao walizikwa na watu wasiowajua. Jambo hilo lafaa kukumbukwa, maana woga wa kufa ugenini bila jamaa wa kuzika ndio uliojenga vyama vingi vya mji huu. Soko lilifunguliwa mwaka 1923 katika jengo lililoachwa na Wajerumani, nalo likadumu hata lilipovunjwa kulipisha lile lililosanifiwa na Beda Amuli, ambalo lilifunguliwa mwaka 1975.

Kandokando ya soko zilienea nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma, na baraza mbele. Mwenye nyumba alipangisha vyumba, na chini ya paa moja walilala Mzaramo, Mmanyema, Mnyamwezi na Mngoni, kila mmoja na kazi yake. Sensa ya mwaka 1957 ilihesabu watu 128,742 katika mji mzima. Wageni wengi namna hiyo walihitaji mahali pa kujuana, na mahali penyewe palikuwa barazani, penye bao, kahawa na karata.

Mchezo wa karata uliopendwa pwani hii tangu zamani ni ule uitwao wahedi wasitini, yaani sitini na moja kwa Kiarabu. Ajabu ni kwamba katika mchezo huo wa jina la Kiarabu, maneno mengi ya karata ni ya Kireno. Karata yenyewe ni neno la Kireno. Kopa, uru, shupaza na pao ni kopo, dhahabu, panga na rungu zilizochorwa juu ya karata za kale za Wareno. Na seti ni saba yao. Wareno walifika pwani mwaka 1498, wakajenga ngome ya Mombasa tangu 1593, wakatolewa humo mwaka 1698. Ngome waliiacha kwa kupigwa. Karata waliziacha kwa hiari, au pengine mabaharia wa Goa waliendelea kuzileta baada yao, nazo zikabaki.

Hesabu yake ni hii. Ree, yenye dole moja, ni kumi na moja. Seti ni kumi. Kisha hufuata picha za watu wenye mataji na mavazi ya Ulaya, na kwa hiyo zikaitwa wazungu: mfalme ni mzungu wa nne, kijana wake ni mzungu wa tatu, na malkia ni mzungu wa pili. Mgeni husikia majina haya akadhani ni daraja za ukubwa zilizopangwa kichwa chini. Sivyo, ni thamani ya kila karata katika hesabu. Nne, tatu na mbili ukizijumlisha pamoja na kumi na moja na kumi hupata thelathini kwa kila rangi, na rangi ni nne, basi jumla ni mia na ishirini. Nusu yake ni sitini. Anayefikisha sitini na moja amekwisha shinda, na mwenzake hawezi tena kumfikia. Wareno hadi leo hucheza mchezo uitwao sueca kwa hesabu iyo hiyo, saba ikiwa chini ya ree na juu ya mfalme, na malkia akiwa chini ya kijana. Sababu ya malkia kushushwa ni kwamba katika karata za kale za Wareno picha ya mwisho ilikuwa ya mwanamke mtumishi, na karata za namna ya Kifaransa zilipoingia, malkia akarithi nafasi ya mtumishi. Hivyo mzee wa Mtaa wa Msimbazi anayemtupa malkia bila huruma hushika desturi ya Lisbon, ingawa hana habari nayo.

Maelezo haya ya hesabu si ya kupamba. Katika wahedi wasitini thamani imo ndani ya karata. Mchezo waanza, wapimwa na kwisha bila senti moja kuwekwa mkekani, na aliyeshinda ajulikana kwa kuhesabu. Poka, iliyokua Marekani mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa katika miji na merikebu za mto Mississippi, haina thamani ya namna hiyo. Karata zake hupangwa kwa ubora, lakini mtu mwenye karata mbaya aweza kushinda kwa kuweka fedha nyingi hata mwenzake akaogopa na kuziachia zake. Fedha ndiyo ulimi wa mchezo. Ukiiondoa fedha, au kitu kinachosimama badala yake, mchezo wanyamaza. Kwa sababu hiyo watu wa mashindano ya hisani walilazimika kutunga kanuni za kuifuga fedha hiyo, na watu wa barazani hawakulazimika kitu.

Barazani adabu ilihitajiwa kwa mambo mengine. Wenzi hukaa wakielekeana, na hawaambiani kitu kwa mdomo. Mtazamaji aliyeona karata za mtu hufunga kinywa chake. Akitoboa siri, hulaumiwa kuliko mchezaji aliyekosea. Walioshindwa huinuka wakawapisha wanaongoja, na kanuni hiyo ndogo ndiyo iliyofanya baraza moja itoshe watu wengi. Mpita njia akisalimu huitikiwa, hata kama karata ya mwisho imo mkononi. Adhabu ya kushindwa ni maneno. Hapa utani ulifanya kazi kubwa: Mzaramo aliyemfunga Mnyamwezi alikuwa na haki ya kumsimanga mpaka kesho yake, na Mnyamwezi hakuwa na haki ya kukasirika. Na watani hao hao, siku ya msiba, ndio waliojitokeza kuleta kicheko penye majonzi, wakijifanya kuzuia mazishi mpaka wapewe kitu. Aliyekudhihaki kwa karata alikuwa na wajibu juu ya maiti yako. Wageni waliouona utani wakadhani ni upuuzi hawakuutazama hadi mwisho.

Sasa dini. Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Shafii, na wanavyuoni wa madhehebu hayo walitenga michezo ya kufikiri na kuhesabu, kama sataranji, na michezo ya kubahatisha, kama ya dadu. Ya kwanza waliivumilia kwa masharti: isiwe na fedha, isimchelewesha mtu na sala, isilete matusi. Ya pili waliikataza. Karata zasimama mpakani, kwa kuwa mgao ni bahati na uchezaji ni akili, na kwa hiyo masheikh wamehitilafiana juu yake. Juu ya fedha hawakuhitilafiana. Kila mchezaji akiweka chake, na mmoja akavichukua vyote, hiyo ni kamari.

Lakini je, kama mshindi hali kitu, akawapa maskini? Swali hili ni la kale kuliko Uislamu wenyewe. Wafasiri wa Kurani husimulia juu ya mchezo wa Waarabu wa zamani ulioitwa maisiri. Ngamia alichinjwa, nyama ikagawanywa mafungu, na mishale ikatolewa kama kura. Walioshindwa walilipa bei ya ngamia. Walioshinda, hasa katika miezi ya njaa, waliona fahari kutokula, wakawapa maskini nyama yote. Na mtu aliyekataa kushiriki aliitwa bahili. Basi hiyo ndiyo kamari ya hisani ya kwanza inayojulikana vizuri katika ulimwengu wa Kiislamu, nayo ilikuwa na matajiri wake, maskini wake na sifa zake. Sura ya Al-Baqara yakubali kwamba mna manufaa ndani yake, na wafasiri wengine wakayaeleza manufaa hayo kuwa ni nyama ile ya maskini. Kisha yasema kwamba dhambi yake ni kubwa zaidi. Sura ya Al-Maida ikakataza kabisa, ikitaja uadui unaoingia baina ya watu. Hoja yenyewe yatazama wale waliokaa kuuzunguka mchezo: anayelipa kwa kushindwa ana kinyongo, hata kama maskini amekula.

Fikihi iliacha mlango mmoja. Katika mashindano ya farasi na ya mishale, zawadi yaweza kutolewa na mtawala, au na mtu wa nje asiyeshindana, na hapo si kamari, kwa sababu hakuna mshindani aliyepoteza mali yake.

Mji wa Dar es Salaam uliwahi kujaribu hisani ya kushindana, ingawa si kwa karata. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 ngoma ya beni ilitawala mitaa. Vyama vikuu vilikuwa Marini na Arinoti, ya kwanza ikihesabiwa kuwa ya watu wenye cheo, na ya pili ya watu wa kawaida. Vilikuwa na majenerali na wafalme wao, na sare, na maandamano. Serikali ya Kiingereza ikavishuku. Terence Ranger, aliyeandika kitabu juu ya beni mwaka 1975, alionyesha kwamba chini ya ngoma ile palikuwa na kusaidiana: mwanachama aliuguzwa, na alipokufa alizikwa. Hapo ndipo penye hisani ya kweli. Lakini palikuwa pia na karamu za kushindana, chama hiki kikila na kuvaa ili kukiaibisha kile, na wenye kushindana wakatumia kuliko walivyokuwa nacho. Wanawake wa lelemama huko Mombasa walifika hapo hapo. Mtu alichanga kwa sababu hasimu yake alichanga, na aibu ikawa ndiyo mkusanyaji. Haki yapasa isemwe, hata hivyo, kwamba mtandao huo wa ngoma haukupotea bure: mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji katika ngoma za mji, alipita katika vikundi vya wanawake wa ngoma akawaingiza kwa wingi katika TANU.

Kwa mwanga huo kanuni za poka ya hisani zasomeka vingine. Mchezaji hulipa kiingilio mara moja, na kiingilio hicho ni sadaka iliyokwisha toka mkononi. Hupewa vipande vya kuhesabia ambavyo haviwezi kugeuzwa kuwa fedha. Zawadi yatolewa na mfadhili wa nje. Kwa kanuni hizo tatu poka huvutwa ikawa karibu na wahedi wasitini, maana hakuna anayeondoka na mali ya mwenziwe; na kanuni ya tatu ni ule mlango wa fikihi, ingawa waliouweka hawakuupata kwa Shafii. Hii haimaanishi kwamba sheikh wa Kariakoo ataipitisha, kwani mlango ule ulifunguliwa kwa farasi na mishale tu. Ila mashindano mengi yana kanuni ya nne: aliyemaliza vipande vyake huruhusiwa kulipa tena na kurudi mezani, na huhimizwa alipe kwa kuwa ni hisani. Kanuni hii ndiyo mbovu. Yamrudisha mtu pale walipokuwa Waarabu wa maisiri na majenerali wa beni, akitoa mara ya pili na ya tatu kwa sababu watu wanamtazama.

Sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na jina hilo lilichaguliwa kwa uangalifu. Neno kamari liliachwa kwa wahubiri. Maduka ya kubashiri matokeo ya mpira yamejaa sasa katika mitaa inayolizunguka soko, ambalo lenyewe liliungua mwezi wa Julai 2021. Vijana hutoka humo wakiwa na vikaratasi mkononi. Barazani, hatua chache tu, wazee bado huchanga karata. Daftari la michango ya msiba, likiwapo, huwekwa juu ya kiti peke yake, mbali na mkeka, na anayetaka kuandika jina lake huinuka kwanza akaziweka karata zake chini kifudifudi.