Kutoka gae la Unyamwezi hadi tiketi ya bahati nasibu

Wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, makazi yaliyokuja kuwa sehemu ya mji wa Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu msafara wao uondoke pwani. Njia hiyo ya kati, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, ilikuwa imekwisha kukanyagwa na wapagazi wengi wa Kinyamwezi, wakipeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na vitambaa, shanga na nyaya. Burton aliwadharau Waafrika waziwazi, kwa hiyo maandishi yake husomwa kwa tahadhari. Hata hivyo alikuwa na jicho la mambo madogo. Katika iwanza, nyumba ya wanaume ya kijiji cha Unyamwezi, aliwakuta wazee kwa vijana wakicheza kamari.

Kamari hiyo haikuhitaji gharama. Jiwe bapa, kipande cha bati au kitako cha chungu kilichovunjika kilitosha. Watu walibashiri upande utakaoonekana. Wajuzi zaidi walicheza bao, ambako mchezaji hupiga hesabu za kete zake. Kwenye kamari ile hakukuwa na cha kupigia hesabu: ni upande huu au ule. Burton anaeleza kwamba waliokwisha kupoteza mali zao waliweka dau hata mama zao wazee, dhidi ya ng'ombe au mbuzi wawili, na kwamba wengi waliishia kujiuza utumwani. Hata ukipunguza chumvi yake, habari hiyo inauma, maana katika njia ile ya misafara mnunuzi wa mtu hakuwa mbali. Na huko kwao Uingereza, bahati nasibu ya serikali ilikuwa imekomeshwa mwaka 1826 tu, Burton akiwa mtoto wa miaka mitano.

Tanzania ilitunga sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa mwaka 1974. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 ikaleta Bodi inayotoa leseni na kusimamia michezo hiyo, na mwaka 2025 bahati nasibu ya taifa ikazinduliwa upya, ikiendeshwa na kampuni ya ITHUBA. Siku hizi dau hupita kwenye simu.

Gae lilikuwa na pande mbili, na aliyekula dau lako alikuwa amekaa mbele yako. Kwenye bahati nasibu, fedha za tiketi hugawanywa: sehemu huenda kwenye zawadi, sehemu kwenye kodi, sehemu kwa mwendeshaji. Wachezaji wote kwa pamoja hurudishiwa pungufu ya walichotoa. Wachache huchukua fedha nyingi na wengine huondoka mikono mitupu. Chukua mchezo unaojulikana duniani kote wa kuchagua namba 6 kati ya 49. Michanganyiko yake ni 13,983,816. Mkoa wa Tabora ulihesabiwa kuwa na watu wapatao milioni 3.4 mwaka 2022. Kila mmoja wao, hadi kichanga mgongoni, angeshika tiketi nne zisizofanana, na bado mchanganyiko unaoshinda ungeweza kukosekana.

Namba haina deni. Ile ambayo haijatoka kwa miezi mingi ina nafasi ileile kama iliyotoka jana, kwa hiyo anayeuza "namba za uhakika" anauza hewa. Wanaochagua tarehe za kuzaliwa hubaki kati ya 1 na 31, na kwa kuwa wanaofanya hivyo ni wengi, wakishinda wana hatari kubwa zaidi ya kugawana zawadi kuu.

Mkulima wa Urambo au Sikonge, mkoani Tabora, aliyelipwa tumbaku yake ana ada za shule na mbolea ya msimu ujao mbele yake. Fedha hizo zisiguswe. Kinachochezwa kiwe kile ambacho kikipotea hakuna atakayelala njaa, na dau lisiongezwe kwa nia ya kurudisha lililoliwa. Hivyo ndivyo mcheza kamari wa Unyamwezi alivyofikia kumweka dau mama yake. Walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kucheza. Ukiletewa ujumbe kwamba umeshinda droo ambayo hukununua tiketi yake, na kwamba utume kwanza "ada" ili zawadi itolewe, huo ni wizi: usitume kitu, wala usimtajie mtu namba yako ya siri.