Tiba ya jeni kwa saratani ya ovari

Tiba ya jeni kwa saratani ya ovari ni matibabu ya majaribio yanayokusudia kuingiza jeni ndani ya seli za saratani iliyokwisha kuenea, mara nyingi jeni hiyo ikibebwa na virusi vilivyodhoofishwa.

Chimbuko

Saratani ya ovari ni ya kimyakimya. Wagonjwa wengi hugundulika katika hatua ya 3 au ya 4, saratani imeshatapakaa kwenye utando wa tumbo. Upasuaji na dawa za platini huipunguza, lakini mara nyingi hurudi ikiwa sugu. Watafiti wa miaka ya 1990 waliona upenyo: kwa kuwa saratani hii hukaa tumboni kwa muda mrefu, virusi vingeweza kumiminwa humo humo kwa mrija.

Jaribio la Nashville

Jeni ya BRCA1, ambayo ikiharibika huongeza hatari ya saratani ya ovari, ilitambuliwa mwaka 1994. Punde Jeffrey Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt huko Nashville, Marekani, wakaipakia kwenye retrovirusi na kuwapa wanawake 12 waliokuwa na saratani iliyotapakaa. Matokeo ya 1997 yalisisimua, pengine kupita kiasi: kwa wanawake 8 ugonjwa ulitulia kwa wiki kadhaa, na kwa 3 uvimbe ulipungua. Awamu ya pili ikachukua wagonjwa wenye saratani ndogo zaidi, ikakoma baada ya wanawake 6 bila hata mmoja kupata nafuu. Kinga zao, zikiwa bado imara, zilitengeneza kingamwili upesi dhidi ya virusi vilivyobeba jeni.

p53

Jeni ya p53, mlinzi wa mgawanyiko wa seli, huwa imeharibika katika takriban asilimia 96 ya saratani kali za aina ya serasi. Kampuni ya Schering-Plough ilijaribu adenovirusi yenye p53 nzima pamoja na karboplatini na paklitakseli, lakini tathmini ya kwanza tu ilitosha kulisimamisha jaribio. Mwaka 2003 watafiti Zeimet na Marth walieleza kwamba seli za saratani hii zina hitilafu nyingi mno kuponywa kwa jeni moja, tena p53 mbovu huizuia ile nzima isifanye kazi.

Njia nyingine

Huko Birmingham, Alabama, ilijaribiwa jeni ya virusi vya hepesi ikifuatiwa na dawa ya gansikloviri, ambayo jeni hiyo huigeuza kuwa sumu ndani ya seli.

Hali ya sasa

Jaribio la OVAL, la tiba ya jeni inayobebwa na adenovirusi, lenye wagonjwa 409, lilishindwa mwaka 2022. Olvi-Vec, kirusi cha vaksinia kinachopasua seli za saratani, kimefikia awamu ya tatu.